Bao la Kiswahili: Kutatua Mizozo ya Ubaoni kwa Kufuata Dalili

Mwongozo huu ni kwa wachezaji wa bao la Kiswahili, Unguja na Pemba, ambao wameshajifunza kunamua (kuingiza ubaoni kete za mkononi, moja kwa kila zamu) na kula (kuchukua kete za mwenzako), lakini michezo yao bado hukatikia njiani kwa ubishi. Malalamiko wanayopelekewa mafundi wa baraza, yaani wajuzi wa bao wanaoamua mizozo, ni yale yale kila siku: "kaacha mtaji" (nafasi ya kula), "kaanzia kichwa sicho" (kichwa ni shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia), "nyumba yake imeshakufa", "kete hazitimii". Ukiyafuatilia mpaka kwenye chimbuko lake, mengi hayatokani na hila. Yanatokana na ubao uliopangwa vibaya tangu mwanzo, au hatua moja iliyorukwa bila ya mchezaji yeyote kuiona. Kwa sababu hiyo tunakagua ubao kwanza, kisha zamu ya mwisho iliyochezwa, na mtu mwenyewe anakuwa wa mwisho kabisa kutiliwa shaka.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane namna ya kuusoma ubao. Mashimo ni 32 katika safu nne, kila safu mashimo manane, na kete zote ni 64. Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake, ya mbele na ya nyuma, na kete zake hazitembei nje ya safu hizo. Katika maelezo yote yanayofuata, mashimo yanahesabiwa kutoka kushoto kwa mchezaji mwenyewe, la kwanza mpaka la nane. Kwa kuwa wachezaji wanaelekeana, shimo lako la tatu linatazamana na la sita la mwenzako, na la tano lako linatazamana na la nne lake. Hili la kushoto kwa nani lisipuuzwe, kwani mtazamaji aliyesimama ubavuni akisema "shimo la pili kushoto" huenda kila mchezaji akaelewa shimo lake.

Dalili ya kwanza: mchezo haujaanza, na tayari kuna cha kula

Bao likipangwa sawasawa, anayeanza hana cha kula hata kidogo. Kila mchezaji huweka kete sita katika nyumba, ambayo ni shimo la tano la safu ya mbele, yaani la nne ukihesabu kutoka kulia. Kisha huweka kete mbili katika shimo la sita na mbili katika la saba, na kubaki na kete 22 mkononi. Kete zako zikiwa katika mashimo ya tano, sita na saba, za mwenzako zinatazamana na mashimo yako ya nne, tatu na pili. Hakuna shimo lenye kete linaloelekeana na shimo lenye kete. Basi ukiona hata jozi moja tu ya mashimo yenye kete inatazamana kabla ya zamu ya kwanza, acha, kwani mpango si sahihi, na kila ubishi utakaofuata utakuwa umejengwa juu ya kosa hilo.

Sababu inayotokea mara nyingi kuliko zote ni mtu kuhesabu nyumba kuwa ya nne kutoka kushoto badala ya kulia. Alama yake ni rahisi kuiona: mmoja akikosea hivyo na mwenzake akipanga sawa, nyumba mbili zinatazamana ana kwa ana, sita kwa sita. Wakikosea wote wawili nyumba hazitazamani, lakini kila nyumba inaelekeana na kete mbili za upande wa pili. Dawa ni moja, kuhamisha kete na kuanza upya.

Sababu ya pili ni kuziweka zile kete mbili mbili kushoto kwa nyumba badala ya kulia kwake. Hapa nyumba ipo mahali pake, ndiyo maana kosa hili huwapita hata watu wazoefu, maana jicho likishaiona nyumba iko sawa halihangaiki tena na kilicho pembeni yake.

Sababu ya tatu imo katika ubao wenyewe, na mara nyingi haichunguzwi. Mbao nyingi zilizochongwa vizuri zina shimo la nyumba la mraba, ili lisichanganywe na mengine ya duara. Lakini zipo mbao zenye mashimo yote ya duara, yapo mabao yaliyochimbwa ardhini chini ya mwembe, na wapo wachongaji wasiocheza bao ambao huchonga miraba miwili katika mstari mmoja, moja ikielekea nyingine, kwa kudhani kwamba ndivyo inavyopendeza. Ubao kama huo unampa mchezaji mmoja nyumba sahihi na mwenzake nyumba isiyo mahali pake. Usiuamini mraba, hesabu nne kutoka kulia kwako, na mwenzako naye ahesabu nne kutoka kulia kwake, kisha tieni alama ya chaki pale inapostahili. Kuuzungusha ubao hakusaidii kitu, kwa sababu kasoro hubaki ile ile na humhamia tu aliyekuwa upande wa pili.

Sababu ya mwisho, isiyotokea sana ila inapotokea huleta mtafaruku mkubwa, ni kwamba kila mmoja amekuja na mchezo wake. Yupo anayetaka bao kamili na yupo aliyezoea bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili, mkononi habaki na kitu, na mchezo huanza moja kwa moja bila ya kunamua. Hapa hakuna aliyekosea. Ulizaneni tu mnacheza lipi.

Dalili ya pili: kete hazitimii, au mikono haiko sawa

Katika bao la Kiswahili kete haitoki mchezoni. Kete inayoliwa inahamia upande wa aliyekula na inaendelea kufanya kazi ubaoni. Kwa hiyo jumla ya kete za ubaoni na za mikononi ni 64 wakati wowote utakaohesabu, na hili ndilo kipimo cha kwanza cha kila mzozo wa hesabu.

Kipimo cha pili kinahusu mikono wakati wa kunamua. Kila mchezaji huweka kete moja kwa kila zamu, kwa hiyo inapofika zamu ya yule aliyeanza, mikono yote miwili lazima iwe sawa. Na inapofika zamu ya wa pili, yeye huwa na kete moja zaidi ya mwenzake. Kipimo hiki kinamaliza pia ule ubishi wa "zamu ya nani" baada ya mtu kuinuka kupokea kahawa au kuitikia simu: hesabuni mikono, na kumbukeni nani alianza.

Zikiwa 64 zimetimia lakini mikono haiendani, sababu ya kawaida ni mmoja kutia mkononi kete alizokula, badala ya kuzigawa ubaoni. Wanaotoka kwenye michezo mingine ya kete huleta tabia hii bila ya kujua. Inayofuata ni mtu kunamua kete mbili kwa pamoja, hasa kete zikiwa ni komwe (mbegu za mkomwe) kubwa na mkono ni mdogo. Zikiwa hazifiki 64, tafuteni chini ya mkeka na kwenye mikunjo ya kikoi kabla ya kuulizana maneno makali, kisha tazameni safu za nyuma, ambako shimo refu huweza kuficha komwe moja kwenye kivuli.

Kete iliyoanguka na ikajulikana imetoka shimo gani inarudishwa tu na mchezo unaendelea. Kete isiyojulikana imetoka wapi ni jambo jingine. Msikisie. Nafasi ya kete moja katika bao inatosha kugeuza mzunguko mzima, na mchezo ambao kete yake imewekwa kwa kukisia hauwezi tena kumpa mtu ushindi wa haki. Uvunjwe, uanzwe mwingine.

Dalili ya tatu: "umeacha mtaji", au "umekula pasipo mtaji"

Mizozo mingi zaidi iko hapa, na hapa ndipo inapofaa kwenda polepole. Msingi wake ni mmoja: mwenye mtaji lazima ale. Anaruhusiwa kuchagua mtaji gani, kama anayo zaidi ya mmoja, lakini haruhusiwi kutakata, yaani kucheza zamu isiyo ya kula, ilhali mtaji upo. Mchezaji asiyelijua hili huona faida ya kukaa kimya, akatakata, na mwenzake akamdhania mwizi.

Wakati wa kunamua, mtaji hutambulikana kwa kutazama tu. Shimo lako la mbele lenye kete likielekeana na shimo la mbele la mwenzako lenye kete, huo ni mtaji: unaweka kete yako katika shimo lako, unachukua kete zote za shimo lake, unazigawa upande wako. Safu yake ya nyuma haiguswi. Makosa yanayoleta mzozo katika hatua hii ni matatu, na nayapanga kwa wingi wa kutokea kwake.

La kwanza ni kula katikati ya kutakata. Mtu hana mtaji, anaweka kete, anachukua kete za shimo lile, anazigawa, kete ya mwisho inaangukia shimo lenye kete linaloelekeana na shimo la mwenzake lililojaa, naye anakula. Hairuhusiwi. Zamu iliyoanza kwa kutakata inabaki ya kutakata mpaka ilale, yaani iishe kwa kete ya mwisho kuangukia shimo tupu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huchukuliwa zote na kuendelea kugawa, basi. La pili ni kunamua katika shimo tupu ili kufikia kete za mwenzake. Kete ya kunamua huwekwa katika shimo la mbele ambalo tayari lina kete, wala haifungui shimo jipya. La tatu ni kuzoa kete zako pamoja na ulizokula. Shimo lililokula hubaki na kete zake zote, na zinazogawiwa ni zile za mwenzako peke yake.

Mfano mmoja wa mwanzo wa mchezo unaonesha yote haya. Anayeanza hana mtaji, kwa hiyo anaweka kete katika shimo lake la saba, zinakuwa tatu, anazichukua na kuzigawa kwenda kushoto: moja katika la sita, moja katika nyumba, moja katika la nne. La nne lilikuwa tupu, kwa hiyo amelala. Shimo hilo la nne sasa lina kete moja na linaelekeana na nyumba ya mwenzake yenye sita. Hakula, na asingeweza kula. Mwenzake sasa anao mtaji, na ni lazima autumie: anaweka kete katika nyumba yake, inakuwa na saba, anaichukua ile kete moja iliyo mbele yake na kuiweka katika kichwa chake, cha kushoto au cha kulia kama apendavyo. Kichwa kilikuwa kitupu, naye amelala. Zile saba hazikuguswa. Wawili wakiucheza mfano huu polepole kabla ya mchezo wao, wataona pale pale kama wanafuata sheria moja.

Kete za mkononi zikishakwisha, mtaji unakuwa mgumu kuuona, na lawama za "umeacha" huongezeka. Sasa mchezaji huanza na shimo lake lolote, la mbele au la nyuma, lenye kete mbili au zaidi, na mtaji upo pale tu ambapo kete ya mwisho ya mgao wa kwanza inaangukia shimo la mbele ambalo lilikuwa na kete, nalo linaelekeana na shimo la mbele la mwenzake lenye kete. Neno la kushikilia ni mgao wa kwanza. Ukigawa, kete ya mwisho ikakuangusha kwenye shimo lisilo na mtaji, ukaendelea, kisha katika mgao wa pili ukafika penye kete za mwenzako, huli. Zamu yako ilikwisha kuwa ya kutakata tangu mgao wa kwanza.

Mitaji inayosahaulika sana ni ile inayoanzia safu ya nyuma. Chukua shimo la tatu la safu yako ya nyuma, likiwa na kete tano, ukigawa kwenda kushoto. Kete zinaanguka katika la pili la nyuma, la kwanza la nyuma, kichwa cha kushoto, la pili la mbele, na kete ya tano inaangukia shimo la tatu la mbele. Kama shimo hilo la mbele lilikuwa na kete, na la sita la mwenzako linaloelekeana nalo lina kete, huo ni mtaji kamili, na ukiuacha utakuwa umevunja sheria hata kama hukuuona. Anayelalamika naye lazima auoneshe hivi, shimo kwa shimo, kwa kidole na bila ya kugusa kete. Kusema tu kwamba mtaji ulikuwepo hakutoshi.

Lipo shimo moja ambalo humdanganya hata mjuzi, nalo ni lile lenye kete 16 au zaidi. Upande wako una mashimo 16, kwa hiyo kete 16 humaliza mzunguko mzima na kurudi zilikoanzia. Shimo lenye kete zaidi ya 15 halitumiki kuanzia mtaji. Mtu akikulaumu kwamba umeacha mtaji wa shimo kubwa, mhesabie kete zake kwanza.

Mchezaji asiye na mtaji katika hatua hii hutakata kwa shimo la mbele lenye kete mbili au zaidi. Safu ya nyuma hairuhusiwi mpaka mbele kusiwe na shimo lolote la namna hiyo. Kosa la kutakata kwa nyuma mapema limeenea mno, nalo halionekani kwa sababu wote wawili hushughulika kutafuta mtaji na kusahau kutazama zamu imeanzia wapi.

Je, zamu iliyokosewa irudishwe? Rai yangu ni kwamba irudishwe iwapo kosa limeonekana kabla ya mwenzake kugusa kete yake, na ikishapita hapo iachwe ilivyo. Kurudisha zamu mbili au tatu nyuma kwa kumbukumbu huzalisha makosa mapya kuliko linalorekebishwa. Na kijana anayecheza na mtu mzima asimrushie neno "umeacha"; akisema "Mzee, tulitazame tena shimo la tatu la nyuma", kosa litarekebishwa na baraza itabaki na heshima yake.

Dalili ya nne: kete zilizoliwa zimeanzia upande usiostahili

Kete zilizoliwa huanza kugawiwa kwenye kichwa, yaani shimo la kwanza au la nane la safu ya mbele, na kete ya kwanza huingia ndani ya kichwa chenyewe, si shimo linalofuata. Wanaoanza kujifunza huruka kichwa, na mgao mzima husogea shimo moja mbele. Hili likaguliwe kabla ya yote.

Baada ya hapo angalia mahali palipoliwa. Kichwa na shimo la pembeni yake, ambalo ni kimbi, vina sheria yao. Ukila kwa shimo la kwanza au la pili, lazima uanzie kichwa cha kushoto. Ukila kwa la saba au la nane, lazima uanzie kichwa cha kulia. Ukila kwa shimo la tatu mpaka la sita, na ndiyo mwanzo wa zamu yako ya kunamua, unachagua mwenyewe.

Ubishi mkali huzuka mtu anapokula mara ya pili na ya tatu katika zamu hiyo hiyo, kwa sababu sasa hana tena hiari. Kete zinaendelea na mwelekeo ule ule ziliokuwa nao. Njia ya kuukagua ni kutazama kete zake zinavyotembea katika safu ya mbele: zikitembea kutoka kushoto kwenda kulia, kila anapokula katikati ya ubao anarudi kuanzia kichwa cha kushoto, zikitembea kutoka kulia, anaanzia cha kulia. Kinachougeuza mwelekeo ni kimbi au kichwa tu. Anayetembea kuelekea kulia akala kwa shimo la saba, ataanzia kichwa cha kulia na kuanzia hapo kete zake zitatembea kuelekea kushoto. Mtazamaji ambaye hakuona kula kwa shimo la saba ataapa kwamba mchezaji amegeuza njia kwa kupenda kwake, na hapo ndipo sauti zinapopanda.

Ikiwa mchezaji hakumbuki mwelekeo wake, asimame alipo na azishike kete mkononi bila ya kuzichanganya na nyingine. Wakishindwa kukubaliana wote wawili, huu si wakati wa kura ya watazamaji. Mwiteni fundi.

Dalili ya tano: nyumba imelala au imesafiri?

Nyumba ina hadhi yake maadamu imesimama, yaani ina kete sita au zaidi na haijaliwa wala kusafirishwa. Migogoro yake hutatuliwa kwa kujiuliza maswali kwa utaratibu huu.

Zamu hii ilikuwa ya kula au ya kutakata? Ikiwa ya kutakata, na kete ya mwisho ikaangukia nyumba iliyosimama, zamu imelala hapo hapo, hakuna hiari. Ikiwa ya kula, tazama mbele ya nyumba: likiwepo shimo la mwenzake lenye kete, anakula kama kawaida na nyumba haiguswi. Asipokuwa na cha kula, wakati wa kunamua ana hiari ya kulala au ya kusafiri, yaani kuzizoa kete zote za nyumba na kuendelea kugawa.

Aliyesafiri amevunja nyumba yake. Shimo hilo baadaye hata likijaa kete 20 ni shimo kama mengine, na mwenyewe hawezi kudai tena kulala hapo kwa hiari. Hali ni hiyo hiyo nyumba ikiliwa. Wachezaji husahau jambo hili kwa sababu mraba bado upo mbele ya macho yao. Kitu chepesi kinachosaidia ni kuweka kijiti au kizibo pembeni ya ubao, karibu na nyumba ambayo imeshavunjika.

Lipo pia la mchezaji ambaye, wakati wa kunamua, hana mtaji na safu yake ya mbele haina kete isipokuwa katika nyumba. Huyo huweka kete yake humo, kisha huchukua mbili tu na kuzigawa upande anaoutaka. Mwenzake akimwona amechukua mbili na si zote, asidhani kwamba anadhulumiwa.

Kama nyumba bado imesimama wakati kete za mkononi zinapokwisha, msidhani kwamba mwenzako anafuata desturi ya baraza yenu kuhusu hadhi yake kuanzia hapo. Aliyejifunza kwa wazee wa Wete, Pemba, na aliyejifunza Kikwajuni, Unguja, huenda kila mmoja ana lake. Ulizaneni kabla ya kete ya kwanza kuwekwa, kwani swali hilo likiulizwa katikati ya mchezo kila mmoja atajibu kwa jibu linalomfaa.

Dalili ya sita: zamu haiishi

Zipo zamu ndefu sana katika bao, na urefu peke yake si kosa. Sababu ya kwanza ya kuikagua ni haraka: mgawaji anadondosha kete mbili katika shimo moja au anaruka shimo, na kulala kwake kukapitwa. Mwambieni agawe polepole, kete moja moja, huku wote wanaona. Sababu ya pili ni kuendelea kutoka shimo lililokuwa tupu, jambo ambalo mkono mwepesi hulifanya bila ya mwenyewe kujijua.

Zote zikiwa sawa na kete bado zinazunguka, inawezekana mmeangukia mzunguko usio na mwisho. Ni nadra, lakini upo. Hakuna mchezaji anayepaswa kujiamulia mwenyewe pa kulala. Simamisheni na mwachieni fundi aamue.

Dalili ya saba: mwenzako anakukataza kucheza shimo fulani kwa kudai "limetakasiwa"

Hapa nashauri kusimama mapema. Kiini chake ni hiki: kete za mikononi zimekwisha, mmoja ametakata, mwenzake naye hana mtaji, na katika safu ya mbele ya huyu wa pili lipo shimo moja tu linalotishiwa kuliwa katika zamu inayofuata, shimo hilo haruhusiwi kulikimbiza kwa kuanza kutakata nalo. Yakiwa yanatishiwa mashimo mawili, hakuna kutakasia. Akiwa anao mtaji, hakuna kutakasia. Na hata masharti yakitimia, yamo mashimo yaliyosamehewa: nyumba iliyosimama, shimo ambalo ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, na lile ambalo ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja.

Wachezaji wawili wanaweza kukagua wenyewe kama mtaji upo na kama linalotishiwa ni moja. Wakikwama hapo, wasiendelee. Ushindi mwingi wa mwisho wa mchezo hutegemea kutakasia, na uamuzi wa haraka hapa ni sawa na kumpa mtu bao asilolishinda.

Dalili ya nane: mmoja anasema bao limekwisha, mwingine anakataa

Tazameni safu za mbele tu. Isiyo na kete hata moja, mwenyewe amefungwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa tele. Kete za mkononi zikiwa zimekwisha, amefungwa pia yule ambaye zamu yake imefika na hana shimo lolote lenye kete mbili au zaidi. Aliyefungwa wakati kete za kunamua hazijakwisha amefungwa mkononi, na kete alizobaki nazo hazimwokoi.

Namna ya kumpelekea fundi mzozo

Fundi hawezi kuamua juu ya ubao uliovurugwa. Mara tu mnapokubaliana kumwita, ondoeni mikono, na yule aliyeshika kete za kugawa aziweke kando peke yake, zikiwa mbali na kete za kunamua. Pigeni picha ya ubao kwa simu kutoka juu, na kwenye picha ionekane kila mmoja amekaa upande gani. Watazamaji wasirudishe kete hata kama wana uhakika zilipotoka.

Fundi akifika, mwenye zamu aeleze kwanza, kisha mwenzake, kila mmoja akitaja mambo manne tu: nani alianza mchezo, mikononi mna kete ngapi, zamu hii ilianzia shimo gani na kuelekea upande gani, na kete ya mwisho iliangukia wapi. Yasitajwe ya mchezo wa jana. Ikiwa baraza ina mafundi wawili, chagueni mmoja kabla hajasikia habari, maana kumtafuta wa pili baada ya uamuzi wa kwanza ni kuufungua mzozo upya. Fundi akishatamka, kete zinarudishwa pale alipoelekeza, na mwenye zamu ndiye wa kwanza kugusa ubao.